Nina miaka 53, ni nasi, na nataka kuwa kantori, yaani mwongoza sala kwa kuimba, wa sinagogi. Nimechelewa?

Dada Mshauri, shikamoo, au hujambo kama tuko rika moja. Niko Maryland, si mbali na Baltimore, mimi ni nasi, yaani muuguzi, na kwetu ni Taita. Nakuandikia kwa Kiswahili manake hili jambo nimeliongea na watu wa hapa kwa Kiingereza mpaka limechuja, na kwa watu wa nyumbani sijalisema kabisa.

Nianze mbali kidogo, usichoke. Nilifika huku 2003, nikaanza kwa kuogesha na kulisha wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, baadaye nikajisomesha unasi nikiwa napiga shifti za usiku. Wazee wengi wa pale walikuwa Wayahudi. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama wanasogezwa kwa viti vyao vya magurudumu mpaka ukumbini, mishumaa inawashwa, kikombe cha divai kinapita, halafu wanaimba. Sisi wafanyakazi tunasimama pembeni ukutani. Sasa mimi nimezaliwa kwenye kwaya, baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Anglikana, solfa ilikuwa imeandikwa ubaoni kabla sijajua kusoma, na sekondari tulifika mpaka mashindano ya Kenya Music Festival. Kwa hivyo zile nyimbo zao zilininasa bila mimi kuzitafuta. Kulikuwa na mzee mmoja ameshasahau hata majina ya watoto wake, chakula tunambembeleza kijiko kwa kijiko, lakini ikianza ule wimbo wa kuikaribisha Sabato, Lecha Dodi, anaimba beti zote 9 macho yamefungwa, na mimi nikikosea neno la Kiebrania anafungua jicho moja ananisahihisha! Mtu ambaye hajui leo ni siku gani.

Alipofariki binti yake alinialika nyumbani kwao kwenye zile siku 7 za kukaa matanga. Huko ndiko maswali yangu yalipoanzia. Nikaanza kwenda sinagogi, nikakaa nyuma, nikasoma zaidi ya mwaka mzima na rabi, na 2014 nikasimama mbele ya watu 3 wakanihoji, nikaingia mikve, lile bwawa la kuzamia la ibada, nikatoka Myahudi. Hakuna aliyenilazimisha wala mume hakuwa sababu, mzee wangu ni Mwanglikana mpaka kesho na ni mshika sadaka kwenye kanisa la Wakenya hapa. Aliniambia tu, "bora usinikataze nyama choma." Tukacheka ikaisha. Au nilidhani imeisha.

Sinagogi letu ni dogo, ni la Reform, moja ya harakati za Uyahudi. Mwimbaji tuliyekuwa naye alihamia jimbo lingine, rabi akaniomba nishike Ijumaa kwa muda tu. Muda ukawa miaka. Saa hii naongoza sala Ijumaa mbili kwa mwezi, nimejifunza kusoma Torati kwa ule mtindo wake wa kuimba, na Yom Kippur iliyopita, ile siku ya toba, nikaimba Kol Nidre, sala inayoifungua, mara 3 kama inavyotakiwa, kila mara sauti ikipanda kidogo. Tulipomaliza ile siku ya kufunga rabi akanivuta pembeni akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuisomea hii kazi kabisa, yaani niwe kantori wa kuwekwa wakfu, si wa kujitolea.

Dada, tangu siku hiyo nikiwa kazini napima mtu presha huku kichwani napanga sauti.

Sasa ona. Kuna pesa. Mtoto wa mwisho bado yuko chuo, mogeji ipo, mama yangu kule nyumbani ana zaidi ya miaka 80 na dawa zake za kila mwezi zinatoka kwangu, na nyumba tunayojenga Voi imesimama kwenye linta tangu kitambo. Nikiacha unasi nani atabeba haya?

Halafu kuna mama mwenyewe. Anajua "nasali na Wayahudi", hivyo ndivyo anavyosema, anadhani ni kama kanisa fulani la Wazungu. Kaka yangu ndiye ameelewa vizuri zaidi na kwenye grupu ya WhatsApp ya familia aliandika kwamba nimemkana Yesu na kaburi la baba, akauliza Wayahudi na Wataita wana uhusiano gani. Sikujibu. Nikienda kuwa kiongozi wa dini yenyewe, si mfuasi tu wa nyuma, mama itabidi aambiwe, na naogopa ndiyo itakayompeleka.

Mzee wangu naye nilipomwambia alinyamaza siku nzima, kisha akasema, "Ulikuja Marekani kuwa nasi, umekuwa. Sasa unataka kuwa nani?" Sijapata jibu la kumpa.

Nota za kwenye mistari sijui, najua solfa tu. Na jambo la mwisho naliandika haraka kabla sijalifuta. Mwaka jana alikuja mgeni sinagogi, mimi nimevaa taliti, ile shela ya sala, mabegani, nimesimama pale mlangoni natoa vitabu vya sala, akaniuliza kwa upole kabisa ni familia gani imeniajiri nimlete mgonjwa wao. Nilicheka. Lakini nikisimama mbele kila wiki, mbele ya mazishi ya watu na harusi za watu, nitakuwa nacheka mpaka lini?

Tafadhali usiniambie nifuate moyo wangu, huyo moyo ndiye amenifikisha hapa. Niambie unavyoona.

Mimi, Sauti ya Ijumaa, Maryland

* * *

Sauti ya Ijumaa, marahaba, nimekuzidi kidogo kwa hivyo naipokea, na nitakuita mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa na kila mara naona umeniuliza maswali manne ukayafunga kwa kamba moja. Kuna kama umri umekuacha. Kuna pesa. Kuna nyumba mbili, ya Maryland na ya Taita, zitakavyolipokea. Na kuna lile la mlangoni, ambalo umeliweka mwisho lakini mimi nahisi lilikuwa limekaa mbele muda wote. Ukiyajibu yote kwa mpigo utachanganyikiwa, manake jibu la pesa halimsaidii mama, na jibu la mama haliwezi kulipa mogeji. Mimi si Myahudi, ninayosema kuhusu kazi yenyewe nimeyapata kwa kusoma, kwa hivyo pale ambapo rabi wako anajua zaidi mwamini yeye.

Tuanze na umri manake ndio uliouweka kwenye kichwa cha barua. Wewe umejiuliza kama umechelewa, kana kwamba hii kazi iliumbiwa vijana wenye koo mbichi. Hao hao Wayahudi kwenye Mishna, mkusanyo wao wa sheria wa kama mwaka 200, sehemu inayoitwa Taanit, wanazungumzia mvua ikikataa kunyesha na watu wamefunga, nani asimamishwe mbele kuwaombea. Wanasema awe mzee aliyeizoea sala, mwenye watoto, na nyumba yake ni tupu, ili moyo wake wote uwe kwenye maombi. Na Talmudi, mjadala wa baadaye juu ya hiyo Mishna, inaongeza: awe mtu mwenye watu wa kulisha na hana cha kuwalisha, mnyenyekevu, anayekubalika kwa watu, halafu ndio wanafika kwenye sauti tamu na kujua kusoma maandiko. Nilipofika hapo kwenye watu wa kulisha nilikukumbuka wewe na dawa za mama na ile linta ya Voi. Hayo unayoyaona ni mizigo inayokuzuia, wazee wao waliyaona ni sifa, kwamba asiye na shida hawezi kuomba kwa niaba ya wenye shida.

Lakini usinielewe kwamba basi nenda. Mwili nao una lake, na wewe ni nasi unajua kuliko mimi: sauti ya mwanamke hedhi ikikoma mara nyingi inashuka, noti za juu zinakuwa nzito, na kuimba karibu siku nzima ya Yom Kippur bila maji ni kazi ya msuli. Kabla ya fomu yoyote ningependa mwalimu wa sauti aliyezoea watu wazima akusikilize, akwambie ukweli si utamu. Hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na ada ya chuo.

Sasa hapa nataka nikuulize kitu, na usiharakishe kujibu. Unataka kuimba, au unataka kuwa kantori? Manake ni vitu viwili. Nikiangalia barua yako umezungumzia Lecha Dodi, Kol Nidre, Torati, yote nyimbo. Lakini kantori, au hazani kama wanavyomwita wao, wiki yake nyingi haina jukwaa. Ni kukaa na mtoto wa miaka 12 asiyetaka kujifunza, mkirudia mistari ile ile miezi na miezi mpaka siku yake ya bar mitzva au bat mitzva. Ni vikao vya kamati. Ni bibi harusi anayetaka wimbo ambao haufai kabisa. Ni simu ya saa nane usiku kwamba fulani anakata roho. Ni makaburini kwenye baridi unaimba El Malei Rachamim, sala ya marehemu, mbele ya watu ambao hujawahi kuwaona na sauti haitakiwi kukatika. Kwenye masinagogi mengi ya Reform ni pia shule ya watoto Jumapili asubuhi, na hili la Jumapili nitalirudia.

Halafu uzuri ni kwamba nusu ya hiyo kazi wewe unaifanya tayari. Umekaa na wanaokufa. Umejua kunyamaza na familia. Wale wanaotoka moja kwa moja kwenye shahada ya muziki hilo ndilo linalowatoa jasho, wewe kwako ni shifti ya kawaida. Kwa hivyo ukiniambia kinachokuvuta ni ule ukumbi wa wazee zaidi ya ile Kol Nidre, basi njia zako zinaongezeka, manake kuna na kazi ya kuwa mhudumu wa kiroho hospitalini au kwenye nyumba za wazee, ina mafunzo yake ya vitendo wodini na Wayahudi wanao wahudumu wao kwenye kazi hiyo. Ukiniambia ni Kol Nidre, sawa pia, si dhambi, lakini tujue.

Kuhusu nota umejishusha bure, au tuseme nusu bure. Ni kweli shule kubwa zinataka usome nota za kwenye mistari, utalazimika kujifunza na inawezekana kwa mtu wa solfa, sikio lako limeshapangwa tayari. Ila kumbuka kwamba uti wa mgongo wa hii kazi hauko kwenye nota. Kitabu cha Torati chenyewe kile cha ngozi hakina irabu wala alama za kuimbia, msomaji anazibeba kichwani. Na ile nusaki, yaani namna za kuimba sala zinazobadilika kufuatana na siku na saa, asubuhi ya kawaida ina yake, Ijumaa jioni ina yake, sikukuu kuu zina yake, kwa karne nyingi imepita kutoka mdomo mpaka sikio. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya ubao na chaki si mgeni hapo. Irabu za Kiebrania cha leo nazo ni 5 kama zetu, huo ulimi wa Kitaita hautakuangusha.

Njia zenyewe sasa. Ile iliyonyooka ni ya chuo cha harakati yako, Hebrew Union College, ambacho shule yake ya muziki ilianza New York 1948 na tangu 2011 inaitwa kwa jina la Debbie Friedman. Kwa miaka mingi imekuwa miaka 5, wa kwanza ukiwa Jerusalem. Hebu fikiria mwaka Jerusalem na mama wa miaka 80 Taita na mume Baltimore. Zamani ungekwama hata kabla ya hapo kwa sababu mumeo si Myahudi, lakini 2024 hicho chuo kiliondoa hilo katazo, kwa hivyo huo mlango ambao pengine ulidhani umefungwa uko wazi. Upande wa Conservative, harakati nyingine, kanuni ya ndoa bado ni kali, usipoteze nauli. Waorthodox, unajua mwenyewe, mwanamke haongozi sala za kusanyiko kwao.

Kuna pia Academy for Jewish Religion kule New York, ipo tangu 1956, haijafungamana na harakati moja na inajulikana kwa kupokea watu wazima waliokuwa na kazi nyingine kabla, na kuna ALEPH ambayo masomo mengi ni kwa mbali halafu mnakutana vipindi vipindi. Hizi zinaweza kukaa pamoja na shifti, ila zinakuwa ndefu. Usitegemee maneno yangu wala ya rabi, piga simu, uliza ya mwaka huu: ndoa yako, umri wako, ada, unaruhusiwa kozi ngapi kwa muhula, na wahitimu wao wa juzi wameajiriwa wapi. Hilo la mwisho usilisahau.

Na kuna njia ambayo haina cheti, ambayo ndiyo unaitembea sasa: mwimbaji wa kuajiriwa, hajawekwa wakfu, analipwa kwa ibada au kwa mwezi. Masinagogi madogo mengi yanaishi hivyo. Naona kwenye barua yako umeiruka kabisa, kana kwamba ni ama kantori kamili ama hakuna kitu. Nani alikwambia hivyo? Na nikuulize kwa upole, hizo Ijumaa mbili kwa mwezi unalipwa? Hujasema. Kama hulipwi, rabi anayekwambia uende ukasome miaka mitano ni sawa pia aulizwe kama sinagogi lina bajeti ya kumlipa atakayerudi amesoma. Sisemi rabi ana nia mbaya, kutia moyo ni kazi yake. Lakini kutiwa moyo si barua ya ajira, na sinagogi dogo lililoshindwa kumshika mwimbaji wa kwanza linaweza kushindwa kukushika na wewe ukishakuwa na digrii. Ndipo unajikuta unatafuta kazi Ohio ukiwa na miaka 60.

Pesa tuifanye hesabu baridi. Wewe ukiwa umezaliwa baada ya 1960, umri wako kamili wa kustaafu Marekani ni 67. Ukianza mwakani na kusoma kwa muda nusu unamaliza karibu na 60, kwa hivyo unapata kama miaka 7 ya kuifanya hiyo kazi kabla ya pensheni, labda zaidi manake makantori wengi hawaachi mapema. Social Security wanahesabu miaka yako 35 yenye kipato kikubwa, na miaka uliyofanya kazi Kenya haimo, saa yako ilianza 2003. Ukiacha unasi kabisa miaka 5 au 6, hiyo inaingia kama sifuri. Ukipunguza tu shifti, inaingia kama kidogo. Tofauti ya sifuri na kidogo ukiwa na miaka 75 utaiona. Upande wa pili kuna nafuu ambayo wengi hawaijui, kantori aliyewekwa wakfu huhesabiwa kama kasisi kwenye kodi na sehemu ya mshahara inaweza kutajwa kuwa posho ya nyumba isiyotozwa kodi ya mapato, ila naye anajilipia mwenyewe mchango wote wa Social Security kama aliyejiajiri. Mtafute mhasibu anayejua mambo ya makasisi, saa moja tu. Na laiseni ya unasi usiiache ife, chochote utakachochagua.

Mzee wako sasa. Umelisikia swali lake kama la kukudharau, "unataka kuwa nani". Mimi nimelisikia kama la mtu aliyeogopa. Huyu ni mwanaume ambaye mkewe alibadili dini akafanya mzaha wa nyama choma, si kila mtu angefanya hivyo, nyumba nyingi zetu zingewaka moto. Inawezekana alikuwa ameshafanya hesabu yake: Ijumaa usiku humo, Jumamosi humo, na ukiwa kantori Jumapili asubuhi nayo inaondoka uko na watoto wa shule, na hiyo pengine ndiyo ilikuwa siku pekee mliyobaki nayo. Je, huwa unamsindikiza kanisani kwake, mnakula na Wakenya wenzenu baada ya ibada? Kama ndiyo, basi anauliza atakaa kiti gani peke yake. Sijui, nakisia, wewe muulize. Usimpelekee jibu la "nani", mpelekee swali la wiki yenu itakuwaje, siku kwa siku, na umwache naye aseme anachotaka kabla hujamwambia umeshaamua. Na kama akisema hapana, hiyo pia utaijua mapema kabla ya ada.

Mama. Hapa nitakupinga kidogo, uniwie radhi. Unasema habari hii ndiyo itakayompeleka. Mama wa miaka zaidi ya 80 Taita amezika mume, amezika sijui wangapi, amesikia mengi. Yule unayemlinda ni mama au ni wewe usiuone uso wake? Si lazima usimulie vyeo na vyuo. Unaweza kuanza na kile atakachokielewa kuliko mtu yeyote Marekani: kwamba bintiye anaongoza watu kuimba zaburi, zile zile za Daudi ambazo mumewe aliziandika kwa solfa ubaoni, kwa lugha ile ile zilizoandikwa nayo. Hilo si uongo wala si kuficha. Atakuuliza kuhusu Yesu, ndiyo atauliza, na huko hakuna njia ya mkato, utamjibu kwa ukweli na ataumia. Hatari ipo, na kuna familia zimekatika kwa hili. Lakini akilisikia kwa kaka yako kwenye simu ya mtu mwingine ataumia mara mbili, manake atajua wengine wote walijua.

Kaka naye aliuliza uhusiano uko wapi. Ningekuwa wewe nisingebishana grupuni, ila kwa faida yako tu: amepita Nairobi mara ngapi pale Uhuru Highway na University Way bila kuiona sinagogi iliyosimama pale? Na kule Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jamii aliyoianzisha Semei Kakungulu 1919, wanaimba zaburi kwa Kiluganda kwa sauti zao wenyewe, walipita kwenye marufuku ya Idi Amin na hawakuziacha. Kiongozi wao Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles akawekwa wakfu 2008 akarudi nyumbani. Ningependa uwatafute hata kabla ya chuo, uzungumze nao. Umekuwa Myahudi Mwafrika peke yako kwenye kile chumba kwa muda mrefu, na nadhani hapo ndipo uchovu wako mwingine unapotoka.

Ambapo panatufikisha mlangoni. Yule mgeni alikuona una taliti mabegani na bado macho yake yakakuvalisha sare ya kazi. Siwezi kukuahidi kwamba cheti kitayafunga hayo macho. Wako waliotangulia kwenye viti ambavyo watu hawakuwategemea: Barbara Ostfeld aliwekwa kantori 1975, mwanamke wa kwanza, watu walikuwa wamezoea sauti ya baba tu. Angela Buchdahl, mama yake Mkorea Mbudha, akawa kantori 1999 kisha rabi, na leo anaongoza Central Synagogue ya New York, na amesimulia hadharani jinsi alivyoulizwa ulizwa kama ni Myahudi kweli. Hayakuisha kwa sababu alipanda cheo. Inawezekana mbele ikawa rahisi kuliko mlangoni, manake mbele watu wanakufahamu kwa sauti kabla ya mengine, na inawezekana ikawa ngumu zaidi kwa sababu familia yenye msiba siku moja itasema tunaomba mwingine na hawatasema kwa nini. Utahitaji rabi na kamati watakaosema hapana kwa niaba yako, si wewe kucheka. Yule mgeni alipokuuliza, rabi wako au watu wa kamati walifanya nini? Kama walinyamaza, hilo nalo ni taarifa kuhusu mahali unapotaka kutumikia, na ni mazungumzo ya kufanya nao kabla, kwa meza, si kwa kunong'ona baada ya ibada.

Sitakwambia uende wala ubaki, uliniomba nisikwambie ufuate moyo na sitakwambia. Ningekuomba tu usiamue mpaka ipite Rosh Hashana hii inayokuja, yaani mwaka wao mpya, hadi mwisho wa sikukuu zao. Mwombe rabi akupe mzigo wote wa kantori kipindi hicho kama sinagogi linavyoweza kulipa, sala za asubuhi zisizo na watu, watoto wawili wa kufundisha, mazishi yakitokea uende, na shifti zako za hospitali zikiwepo vile vile. Huko kwenye sikukuu kuna ile sala ya Hineni ambayo kantori anaisali kwa ajili yake mwenyewe, anakiri mbele ya watu kwamba hana matendo ya kutosha kusimama pale na anaogopa. Ijifunze. Na zikipita niandikie tena, uniambie ni siku gani ulichoka vibaya, na kama kesho yake ulitaka kurudi.